Kompyuta moja kwa asiyeona na wanaoona: namna ya kuiandaa nyumbani

Nyumbani kwetu tuna kompyuta mpakato moja, na watu wanne tunaitegemea. Mimi sioni. Baba watoto anaona, na mabinti zetu wawili, mmoja wa kidato cha pili na mmoja wa darasa la sita, wanaona pia. Mimi huandalia masomo yangu humo na kusoma barua pepe, baba watoto huweka hesabu za duka, watoto hufanya kazi za shule na kutazama video. Karibu mwaka mzima wa mwanzo kila zamu yangu ilianza kwa kuita mtu: "Hebu njooni mnitazamie, imekaaje hii?" Leo sauti imezimwa, kesho kibodi inajibu mambo nisiyoyajua, keshokutwa faili langu limehamishwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Anayeona akizima sauti amepunguza kelele tu, ila kwangu mimi sauti ndiyo kioo, na kioo kikizimwa sina pa kutazama.

Tulipokaa kulizungumza tulijiwekea kipimo kimoja. Asiyeona aweze kuiwasha kompyuta, kuingia, kufanya kazi yake na kuizima bila kuita mtu. Anayeona naye aikute imetulia, skrini inawaka na kibodi inaandika kama alivyozoea. Hatua zote hapa chini zimepimwa kwa kipimo hicho. Nazungumzia Windows, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye kompyuta za nyumba nyingi.

Hatua ya 1: Chagueni programu ya kusoma skrini

Hii ni programu inayotamka kwa sauti yaliyoandikwa kwenye skrini. Anzeni na iitwayo NVDA. Ni ya bure, na ubure wake una kisa. Mwaka 2006 kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, alianza kuiandika wakati ambapo programu za namna hii ziliuzwa kwa bei iliyoweza kuishinda ya kompyuta yenyewe. Mwenzake James Teh, naye haoni, akajiunga naye, wakaanzisha shirika la NV Access. Hadi leo shirika hilo linaitoa bila malipo kwenye tovuti ya nvaccess.org. Faili lake halifiki megabaiti 100, kwa hiyo bando la kawaida linatosha. Kama kompyuta yenu ni ya zamani na bado ina Windows 7, toleo la mwisho linalokubali humo ni 2023.3.4.

Iko pia JAWS, iliyoingia kwenye Windows mwaka 1995. Ni programu yenye uwezo mkubwa na maofisi mengi huitumia, lakini ni ya kulipia. Bila leseni hufanya kazi dakika 40, kisha inakutaka uzime kompyuta na kuiwasha upya ndipo iendelee. Mtu mwenye kompyuta yake peke yake anaweza kuvumilia. Kwenye kompyuta ya familia, ambako mtoto ameacha insha yake wazi bila kuihifadhi ili akupishe wewe, mimi sishauri.

Ndani ya Windows kwenyewe mna msomaji anayeitwa Narrator. Huhitaji kumpakua. Shika kitufe cha Windows na Ctrl, kisha bonyeza Enter, ataanza kuzungumza. Rudia hivyohivyo, atanyamaza. Mchukulieni kama tairi la akiba. Tutamrudia mwishoni.

Ushauri wangu ni kwamba asiyeona ndiye asimike NVDA kwa mikono yake. Inawezekana kabisa. Ukifungua faili ulilopakua, unasikia muziki mfupi, halafu NVDA inaanza kusema kabla hata haijasimikwa, na inakuongoza yenyewe: kubali masharti, chagua kusimika, bonyeza Enter. Inatoa pia nafasi ya kuiweka kwenye flashi na kutembea nayo. Hiyo inafaa ukienda kutumia kompyuta ya ofisi ya kata au ya shemeji, lakini nyumbani isimikeni kabisa. Iliyo kwenye flashi haiwezi kusoma ukurasa wa kuingilia wala kile kisanduku cha Windows cha kuomba ruhusa ya kusimika programu, na hapo ndipo asiyeona hukwama kimya kimya.

Hatua ya 2: Kila mtu na akaunti yake

Hili likifanyika, nusu ya matatizo huisha. NVDA hutunza mipangilio ya kila akaunti peke yake. Kasi ya sauti niliyoizoea, lugha, kitufe nilichokichagua, vyote vinabaki kwangu. Binti akiingia kwake anakuta kimya.

Fungueni angalau akaunti mbili, moja ya asiyeona na moja ya wanaoona. Majina ya akaunti yaanze na herufi tofauti na yawe mafupi, kwa sababu utayasikia kila siku. Akaunti ya asiyeona iwe na mamlaka ya usimamizi. Nimekuta nyumba ambako mamlaka hayo amepewa anayeona peke yake "ili mwenzake asije akaharibu". Matokeo yake asiyeona hawezi kusasisha hata programu inayomsomea mpaka mwenzake arudi kutoka kazini. Kama mnamwamini kushika ufunguo wa nyumba, mwaminini na hili.

Kwa kuingilia, namba ya siri ya tarakimu ni nyepesi kuliko nywila ndefu yenye alama. Ukimaliza tarakimu ya mwisho mlango unafunguka wenyewe.

Hatua ya 3: Sauti ianzie mlangoni

Ingia kwenye akaunti ya asiyeona. Shika kitufe cha NVDA, yaani Insert, kisha bonyeza N. Menyu ya NVDA itafunguka. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kwanza kabisa. Humo mna visanduku viwili vya kuangalia. Kimoja kinaamua kama NVDA ianze yenyewe ukishaingia kwenye akaunti yako. Kwa asiyeona kiwe na tiki, kwenye akaunti za wanaoona kisiwe nayo. Kingine kinaamua kama NVDA izungumze kwenye ukurasa wa kuingilia, kabla mtu yeyote hajaingia. Hiki kinagusa kompyuta nzima, na lazima kiwe na tiki. Wanaoona watasikia maneno mawili matatu kila wakiwasha. Waambieni mapema kwamba hiyo ni taa ya mlangoni, iachwe iwake. Karibu na hapo kuna kitufe cha kupeleka mipangilio yako hadi kwenye ukurasa huo wa kuingilia. Kibonyeze, la sivyo mlangoni utapokelewa na sauti usiyoizoea.

Sasa jaribu. Zima, washa, bonyeza kitufe cha nafasi, na usikilize jina kabla hujaandika chochote. Windows hupenda kumweka mbele mtu aliyetumia mwisho. Mimi nilikuwa naingiza namba yangu kwenye kisanduku cha baba watoto, inakataliwa, narudia, inakataliwa tena, nikidhani nimeisahau. Kama jina si lako, bonyeza Tab mpaka usikie orodha ya majina, shuka kwa mishale, Enter.

Na anayemaliza zamu asiondoke tu akaacha kila kitu wazi. Windows na L hufunga akaunti yake bila kuua kazi aliyoiacha humo.

Hatua ya 4: Linda mipangilio yako

Asiyeona mzoefu husikiliza kwa kasi ambayo anayeona haambulii hata neno. Akija kukusaidia, kwanza anaipunguza. Akimaliza anasahau kuirudisha. Kesho yake unaanza kazi na sauti inayoburuta miguu.

Dawa yake ni hii. Panga kila kitu upendavyo. Kwenye sehemu ileile ya kwanza ya mipangilio kuna kisanduku cha kuhifadhi mabadiliko wakati NVDA inapofungwa; ondoa tiki yake. Kisha shika Insert na Ctrl, bonyeza C, kuhifadhi ulivyopanga. Tangu hapo, mtu yeyote akibadilisha chochote, Insert, Ctrl na R hukirudisha kama ulivyokihifadhi. Bonyeza R mara moja tu. Ukiibonyeza mara tatu mfululizo, NVDA inarudi ilivyotoka kiwandani.

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili kuna jambo moja zaidi. Kwenye Windows 10 na 11 NVDA huanza na sauti za Windows zenyewe, na mara nyingi ni za Kiingereza. Ukiipa sauti hiyo barua ya Kiswahili, utasikia maneno ya mama yako yakikatwakatwa na mgeni. Lakini NVDA inakuja na mashine nyingine ya sauti, eSpeak NG, na hiyo inajua Kiswahili. Insert, Ctrl na S hufungua orodha ya mashine za sauti, chagua eSpeak. Kisha Insert, Ctrl na V hufungua mipangilio ya usemaji, na kwenye orodha ya sauti tafuta Kiswahili. Si sauti tamu. Ni ya kimashine, lakini inatamka kila silabi, na ukiizoea hutataka kurudi nyuma. Ubaya wake ni kwamba menyu za Kiingereza nazo zitatamkwa Kiswahili, na "File" itakuwa "fi-le".

Kwa hiyo tengeneza wasifu mbili, yaani seti mbili za mipangilio, kila moja na jina lake. Insert, Ctrl na P hufungua orodha ya wasifu wa mipangilio. Mimi nina mmoja wa Kiswahili kwa kusomea maandiko, na mmoja nilioupa jina Msaidizi, wenye kasi ndogo. Mtu akija kukaa nami nauwasha huo, akiondoka nauzima, na kasi yangu iko palepale.

Hatua ya 5: Kibodi

Ugomvi mwingi huanzia hapa, na karibu wote unatokana na kutojua. Binti yangu mkubwa aliwahi kulia akiamini ameharibu kompyuta. Alikuwa amekaa kwenye akaunti yangu kunitafutia kitu kwenye intaneti. Akaandika, na badala ya herufi kutokea, ukurasa ukawa unarukaruka. Kompyuta ilikuwa nzima. NVDA ikiwa ndani ya ukurasa wa intaneti huzigeuza herufi kuwa njia za kutembelea: H inakupeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata, K kwenye kiungo, E kwenye kisanduku cha kuandikia. Ndivyo sisi tunavyosoma ukurasa mrefu bila kuusikiliza wote. Insert na kitufe cha nafasi hubadilisha, herufi zikarudi kuwa herufi. Mfundisheni kila anayeona hilo moja, atawashukuru.

Mambo mengine ya aina hiyo ni haya. Ukibonyeza Insert na 1, NVDA inaingia kwenye hali ya kujifunzia: kila kitufe kinatajwa jina na hakifanyi kazi. Ni nzuri sana kwa anayejifunza kibodi, lakini mtoto akiigusa kwa bahati mbaya atasema kibodi imekufa. Insert na 1 tena huimaliza. NVDA pia inaweza kusoma kila kitu ambacho kipanya kinapita juu yake, na anayeona akishika kipanya nyumba inajaa maneno. Insert na M huzima na kuwasha hilo.

Kwenye kompyuta mpakato nyingi Insert imefichwa pembeni au inataka kushikwa pamoja na Fn, kwa hiyo wengi wetu tunachagua Caps Lock iwe kitufe cha NVDA. Hapo anayeona akiibonyeza mara moja haoni herufi kubwa. Aibonyeze mara mbili haraka, itafanya kazi yake ya kawaida. Kama kibodi yenu ina tarakimu upande wa kulia, jueni kwamba Num Lock ikiwa imezimwa sisi tunatumia sehemu hiyo kupitia maandishi neno kwa neno na herufi kwa herufi. Muweka hesabu akiiwasha, mishale yetu yote inageuka namba. Hakuna njia ya kumridhisha kila mtu. Anayekaa aiangalie Num Lock kwanza, basi.

Kile kibao cha kuguswa chini ya kibodi ni adui wa asiyeona. Kiganja kikikigusa, unajikuta unaandika katikati ya sentensi nyingine na hujui. Tulikuwa tukikizima kwa kitufe chake, na kila anayeona akija analalamika. Sasa tumenunua kipanya cha waya, na kwenye mipangilio ya Windows tumeondoa tiki inayoruhusu kibao kifanye kazi wakati kipanya kimechomekwa. Kipanya kinabaki kimechomekwa muda wote. Wanaoona wana kipanya chao, mimi sina kibao, na hakuna anayelalamika.

Mwisho kuhusu kibodi, pitisheni vidole. F na J tayari zina kijinundu. Ongezeni tone la rangi ya kucha kwenye F5, kwenye kitufe cha kuongeza sauti na kwenye Insert. Likauke, liongezewe mara ya pili. Linakaa miezi mingi, na halimsumbui anayetazama.

Hatua ya 6: Sauti haizimwi, hupunguzwa

Akaunti zinatenganisha karibu kila kitu, ila kiwango cha sauti cha kompyuta ni kimoja kwa wote. Aliyeizima saa mbili usiku ameizima na kwa atakayeamka saa kumi na moja alfajiri. Kanuni yetu ni kwamba anayetaka kimya azime sauti ya video yenyewe, au avae hedifoni. Kitufe cha kunyamazisha kompyuta hakiguswi. Na anayechoka kuisikia NVDA ikiongea, abonyeze Ctrl peke yake. Inakatisha sentensi inayosemwa, haizimi kitu.

Hedifoni zisizo na waya zinahitaji tahadhari. Kwanza, nyingi hula silabi ya mwanzo kila sauti inapoanza baada ya kimya, na kwa kisomaskrini silabi hiyo ndiyo inayokwambia uko wapi. Pili, zikiachwa zimewashwa, kompyuta inapeleka sauti huko. Asubuhi moja nilihangaika nusu saa na kompyuta bubu, na muda wote huo NVDA ilikuwa inasema ndani ya begi la shule la mtoto, chumba cha pili. Mimi natumia za waya, sikio moja nimevaa, jingine nimeliacha kwa ajili ya nyumba.

Hatua ya 7: Faragha ya pande zote

Wanaoona husahau kwamba kinachosomwa kwa sauti kinasikika sebuleni. Meseji ya benki, matokeo ya hospitali, barua ya ndugu aliyekwama na ada. Hedifoni hutatua upande wa masikio. Upande wa macho, NVDA ina pazia la skrini: Insert, Ctrl na Esc, na skrini yote inakuwa nyeusi huku wewe ukiendelea kufanya kazi. Ukirudia, pazia linafunguka. Waambieni watoto wasije wakadhani kompyuta imeungua na kushikilia kitufe cha kuzimia. Kazi yako itapotea.

Kama kuna mtu mwenye uoni hafifu nyumbani, Windows na alama ya kujumlisha huwasha kikuzaji, Windows na Esc hukizima. Naye apewe akaunti yake.

Hatua ya 8: Mafaili ya pamoja

Tuna folda moja ya familia, ndani ya ile folda ya Public ambayo Windows huiweka wazi kwa akaunti zote. Mengine yote yanabaki kwa mwenyewe. Jina la faili lianze na neno linalolitambulisha, kwa sababu mimi hulifikia kwa kubonyeza herufi ya kwanza. "Ada muhula wa pili" nalipata kwa A. Picha ya risiti iliyoshushwa kutoka WhatsApp ikaachwa na jina lake la herufi na tarakimu ndefu, sitaipata kamwe.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba barua iliyopigwa picha au kupitishwa kwenye skana, kwetu ni ukurasa mweupe. NVDA inaweza kujaribu kuitambua kwa Insert na R, na maandishi yaliyochapwa vizuri mara nyingi yanasomeka. Mwandiko wa mkono na mihuri, usitegemee. Kwa hiyo mkiletewa hati na aliyeiandika anayo kwenye kompyuta yake, mwombeni faili lenyewe badala ya picha yake.

Hatua ya 9: Namna ya kusaidia na kusaidiwa

Anayeona akiitwa, mkono wake huenda kwenye kipanya kabla hajauliza. Anabofya mara nne, anasema "tayari," anaondoka. Tatizo limeisha na sijajifunza chochote, na pengine nimeachwa kwenye dirisha nisilolijua. Tumekubaliana nyumbani kwamba msaidizi asome kwanza kilichoandikwa kwenye skrini, neno kwa neno, bila kunifupishia. Mara nyingi hilo peke yake linatosha. Nikijua kinachoulizwa, najibu mwenyewe. "Bofya pale juu kulia" hainisaidii. Niambie kitufe kinaitwaje, nitakifikia kwa Tab. Ikibidi ashike kipanya, aseme anachofanya, na akitoka aseme ametoka, maana nimewahi kuzungumza na kiti kitupu.

Kama sauti inampa tabu, menyu ya NVDA ina sehemu ya zana, na humo mna dirisha linaloandika kila neno NVDA inalosema. Liwasheni, anayeona asome huku mimi nikisikia. Kwenye mipangilio ya NVDA unaweza pia kuwasha alama ya mstari unaozunguka mahali NVDA ilipo, ili macho yake na masikio yangu yawe sehemu moja. Hivi ndivyo ninavyokagua insha za watoto. Mimi nasikiliza, NVDA inatamka kosa la herufi lilivyo, binti anafuata mstari na kulisahihisha. Tangu toleo la 2025.1 NVDA ina pia njia ya kuunganisha kompyuta mbili kwa mbali, kwa hiyo rafiki asiyeona aliyeko mkoa mwingine anaweza kuingia na kunionyesha jambo kwa sauti ileile.

Na meseji za mwenzako zikitokea kwenye skrini wakati unamsaidia, usizisome.

Hatua ya 10: Siku inayonyamaza

Itafika tu. Tumeandika utaratibu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya meza, na nakala yangu ya nukta nundu iko kwenye droo. Tunaufuata kwa mpangilio huu, bila kuruka.

Gusa tundu la hedifoni. Kama kuna kitu kimechomekwa, kitoe. Uliza kama kuna hedifoni zisizo na waya zimeachwa wazi. Bonyeza kitufe cha kuongeza sauti mara kadhaa. Mara nyingi hicho chenyewe kinaondoa ukimya uliowekwa. Bonyeza Insert na S, subiri, bonyeza tena. NVDA ina hali kadhaa za usemaji, ikiwemo ya kimya na ya milio mitupu, na vidole vinaweza kuwa vimeibadilisha. Bado? Ctrl, Alt na N huianzisha NVDA upya hata kama imeganda.

Ikishindikana, sasa mwite Narrator: Windows, Ctrl na Enter. Hapa ndipo tairi la akiba linapofanya kazi mbili. Akisema, unajua spika ni nzima na tatizo ni la NVDA, na una sauti ya kuendelea nayo. Naye akiwa bubu, tatizo ni sauti ya kompyuta nzima, usiendelee kuihangaisha NVDA.

Mwisho ni kuzima. Windows na D, kisha Alt na F4, kisha Enter. Subiri hadi feni itulie, washa tena. Kama dakika tano zimepita na mlangoni hakuna sauti, huenda kompyuta imesimama kabla ya kuingia Windows, na huko hakuna programu ya kusoma skrini inayofika. Hapo macho yanahitajika kweli. Kama nyumbani hakuna mtu, mimi hufungua Be My Eyes kwenye simu, programu ya bure iliyoanzia Denmark mwaka 2015, inayokuunganisha kwa video na mtu wa kujitolea anayeona. Unaelekeza kamera kwenye skrini, unamwomba akusomee kila neno lililopo, halafu unabonyeza mwenyewe.